Lupango ya Nkambo

Mpaka nilipoota ndevu, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba watu wa ng'ambo ya ziwa hawawezi kumeza chakula mbele ya macho ya watu. Niliamini kwamba makoo yao yameumbwa tofauti na yetu: jicho la mpita njia likiangukia sahani, koo linajifunga kama mdomo wa gunia lililokazwa kamba, na tonge linabaki shavuni mpaka jicho hilo liende zake. Ndiyo maana, nilimweleza kila aliyenipa sikio, kule kwao kila nyumba imezungushiwa uzio wa matete mrefu kuliko mnara wa kanisa, na mtu akishikwa na njaa safarini hukata matete kwanza, akajijengea, akala, akabomoa, akaendelea na safari. Niliwaona kwa macho yangu mwenyewe wafanyabiashara wa Kikongo wakila ubwali, yaani ugali, na samaki bandarini Kashikishi, juani, midomo ikimeremeta mafuta, na sikutetereka hata kidogo. Nikasema hao wameshazoea ugenini. Imani ya namna hiyo haisumbuliwi na ushahidi. Niliipokea ikiwa changa kutoka kwa jirani, nikailea, nikainenepesha, na nitaeleza ilikotoka, ingawa ni habari ambayo kila nikiisimulia najisikia kama niliyebeba tena mzigo wa matete kichwani.

Nyumba yetu ilikuwa Kashikishi, kwenye njia itokayo bandarini kwenda sokoni, na harufu ya njia ile bado inakaa puani mwangu: chisense, wale samaki wadogo kama dagaa, walioanikwa mchangani mpaka jua likawakausha, muhogo uliolowekwa siku tatu na kuanza kuchachuka, mafuta ya injini za mitumbwi, na moshi, moshi wakati wote, kwa kuwa pale kwetu hata nguo zikifuliwa zinanuka samaki wa kubanikwa. Barazani petu hapakuwa pa kujivunia. Ilikuwa sakafu ya udongo uliokandwa, hatua nne kwa sita, na paa la nyasi lililoshuka chini kiasi kwamba mgeni mrefu aliingia akiwa tayari ameinama kwa heshima. Lakini ilitazama magharibi. Ukikaa pale uliliona ziwa lote, na asubuhi isiyo na ukungu uliona ukingo wa Kongo, mwembamba na wa samawati, kama uzi uliosahauliwa ukutani. Kati ya baraza na ziwa ilipita ile njia, na ilipita karibu mno. Mtu angeweza kuchukua kipande cha muhogo kwenye sahani yetu bila mguu wake kuacha njia, na wapo waliofanya hivyo.

Na kwetu hakuna mtu anayepita kimya. Anayepita lazima asalimu, anayesalimiwa lazima ajibu, na ukikutwa unakula ni lazima umkaribishe, hata kama sahani ina tonge moja na wewe huna lingine. Mama yangu alijibu salamu elfu moja kabla ya saa sita mchana. Nazidisha, lakini si sana. Aliamka kabla ya jogoo kwenda kupokea samaki, akawatandaza mchangani, akawageuza, akawafukuza kunguru, akarudi kupika, na kila hatua ya kazi hiyo ilikatwa na mtu aliyesimama njiani akiuliza habari za nyumbani, habari za watoto, habari za mgonjwa. Sikumbuki kumwona mama yangu, katika mwaka ule nitakaousimulia, akiwa amekaa bila mtu kumtazama. Nakumbuka jinsi alivyokuwa akijibu: sauti ilikuwa ya uchangamfu, lakini mabega yalikuwa yamelala kabisa.

Mgonjwa aliyeulizwa habari zake alikuwa Nkambo, mama yake baba. Nkambo ndivyo watu wa kwao wanavyomwita bibi, na sisi tukaligeuza kuwa jina lake. Kwao ni Kilwa ya Kongo. Wale wa pwani wasifurahi, ni Kilwa nyingine. Baba alimvusha kwa mtumbwi wa injini wakati mambo ya ng'ambo yalipoharibika, miaka mingi kabla ya kupigwa mahema ya kambi ya wakimbizi ya Kenani kwa ajili ya wale waliovuka baadaye. Alikuja na godoro lililokunjwa, sufuria mbili, na kuku mmoja ambaye kwa maelezo yangu ya wakati huo alikuwa na ukubwa wa mbuzi. Alisema anakaa wiki chache. Mwaka uliofuata baba akaugua kifua, akatutoka, na kabla machozi hayajakauka kiharusi kikamkamata Nkambo upande wa kulia: mkono, mguu, na nusu ya mdomo. Mama akabaki na mama mkwe asiyeweza kujigeuza kitandani, mtoto mmoja wa miaka tisa mwenye maneno mengi kuliko kazi, na samaki wa kugeuza.

Baba ndiye aliyekuwa daraja kati yao. Sisi nyumbani tulisema Kibemba. Nkambo alisema Kiswahili cha Katanga, na Kibemba chake kilikuwa cha kusalimia tu. Kiswahili cha mama kilikuwa cha mizani: samaki mbichi, samaki kavu, punguza, ongeza, hapana, rudi kesho. Wanawake wale wawili walipendana kwa vitendo zaidi ya maneno. Mmoja akimenya muhogo, mwingine akiuosha, na baba katikati akipeleka habari huku na huko. Baba alipokufa daraja likaondoka, na kiharusi kikachukua hata maneno machache ya Nkambo yaliyokuwa yamebaki. Alibaki na mayi, akimaanisha maji. Alibaki na bukari, ambayo ni ubwali wetu. Alibaki na hapana, baridi, na jina la baba, ambalo alilitaja kila jioni kana kwamba mwenyewe amechelewa tu bandarini. Nami, kwa kuwa nilishinda bandarini nikirukaruka juu ya mitumbwi ya watu na nilikuwa nimeokota Kiswahili cha kutosha kutukana na kuomba msamaha, nilijitangaza kuwa mkalimani wa ukoo. Hakuna aliyenipinga. Hapakuwa na mwingine.

Mhudumu wa zahanati alisema Nkambo asilazwe ndani muda wote, kwa kuwa ndani ni moshi na joto. Atolewe nje apate hewa, alishwe huko huko. Basi mama akawa anamtoa barazani kila mchana, akamwegemeza kwenye magunia, akamfunga kitambaa kifuani, akaanza kumlisha tonge moja moja. Hapo ndipo njia ilipogeuka kuwa adui. Watu wetu si wabaya. Walisimama kwa huruma. Lakini huruma ya watu thelathini kwa mlo mmoja ni nzito kuliko matusi. "Yangu! Jamani, mdomo umepinda hivyo?" "Anameza kweli?" "Mbona inatoka upande huu?" Na mama, tonge mkononi, analazimika kuinua uso, kujibu salamu, kukaribisha watu chakula, kueleza ugonjwa tangu mwanzo. Watoto wenzangu walijifunza kupindisha midomo yao na kutembea hivyo mpaka shuleni. Nkambo, ambaye zamani alikula akiwa ameketi wima kama aliyealikwa na gavana, akawa anageuzia ukuta uso, na mdomo uliopinda ukafungwa. Siku ya kwanza alikataa tonge la mwisho. Wiki ya pili alikataa la kwanza. Mifupa ya mabega ikaanza kuonekana kama ya ng'ombe aliyeachwa kiangazi. Yule mhudumu wa zahanati alimpima kwa macho tu, akamwambia mama pembeni, lakini si pembeni ya kutosha nisisikie: "Asipoanza kula, mvua hazitamkuta."

Ilikuwa mchana wa siku kama hiyo, mama amejaribu mara tano, ubwali umepoa, ndipo Nkambo alipoisukuma sahani kwa mkono wake wa kushoto, akaunyoosha mkono huo huo kuelekea njiani, akasema neno ambalo hatukuwa tumelisikia kwake tangu augue.

"Lupango."

Mama alinitazama. "Amesema nini?"

"Lupango," akasema Nkambo tena, na machozi yakamtoka kwa juhudi ya kulisema. "Minataka lupango."

Sasa, msomaji wa mbali lazima aelewe hapa. Katika Kibemba chetu, ulupango ni uzio. Ni ule ukuta wa matete au miti unaozungushia nyumba ili mbuzi wasiingie na macho yasiingie. Hakuna mtoto wa Kashikishi asiyelijua neno hilo. Kwa hiyo sikuhitaji hata kufikiri. Nilisimama katikati ya baraza nikamtangazia mama, kwa sauti ya mtu aliyesomea kazi hiyo: "Anataka uzio, Mayo! Anataka tuzungushe barazani ili watu wasimwone akila!"

Nilitazamia mama aulize zaidi. Hakuuliza. Alikaa chini, hivi hivi, sahani mapajani, akaangalia njia kwa muda mrefu, na uso wake ukalegea kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa akilingoja yeye mwenyewe. "Ndiyo," akamwambia Nkambo. "Kweli kabisa, mama. Lupango." Miaka imepita, na mara nyingi nimerudi kwenye ndiyo ile. Maneno ya Nkambo tusiyoyajua tulihangaika nayo. Tungemkimbilia Mkongo yeyote bandarini atufasirie. Neno hili tulikuwa nalo nyumbani, tangu kuzaliwa, na neno ulilonalo nyumbani hulipeleki kuulizia kwa jirani.

Jirani mwenyewe alifika bila kuitwa. Alikuwa Bana Mwape, yaani mama yake Mwape, mwanamke mwenye mwili mkubwa na habari nyingi, aliyekuwa akisikia kupitia ukuta mambo ambayo sisi wenye nyumba tulikuwa hatujayasema bado. "Si niliwaambia?" akasema, ingawa hakuwa ametuambia. "Hawa wa ng'ambo hawamezi mbele ya watu. Koo linajifunga. Nilikuwa na mpangaji wa huko. Huyo alikuwa akila amejifunika blanketi."

"Blanketi?" nikauliza.

"Blanketi, tata," akasema, akiniita baba kama mtoto wa kiume anavyoitwa kwetu. "Na joto hili."

"Sasa lete matete badala ya kuleta maneno," mama akamwambia.

"Mimi mgongo wangu unauma."

"Mdomo hauumi."

"Mdomo, asante Mungu, mzima," akasema Bana Mwape, akakaa, akamalizia ubwali uliopoa.

Hiyo ndiyo mbegu. Kufikia jioni nilikuwa nimewaeleza watoto wa bandari nzima kuhusu koo la gunia, na kufikia Jumapili nilikuwa nimeongeza ule mnara wa kanisa.

Mama alianza na alichokuwa nacho. Alitundika vitenge viwili mbele ya baraza, na upepo wa ziwa, ambao kila alasiri huja kama umetumwa, ukavichukua. Kimoja tulikikuta kimekwama kwenye mlingoti, na cha pili nadhani kinavaliwa Kongo mpaka leo. Akajaribu nyavu kuukuu za uvuvi zilizokunjwa mara tatu, lakini watu wakawa wanasogeza pua kwenye matundu na kusalimu kutokea hapo, jambo lililokuwa baya zaidi. Ndipo akaamua matete. Matete mazuri yalikuwa kwenye mdomo wa kijito, mwendo wa saa nzima kwa miguu, marefu na magumu, yenye majani yanayokata ngozi kama wembe. Tulikwenda baada ya samaki kugeuzwa, tukakata tukiwa ndani ya maji hadi mapajani, mama akitangulia kupiga maji kwa fimbo ili kilichomo kiondoke. Sikuwahi kumwuliza ni kitu gani hicho. Tulifunga mizigo, tukabeba vichwani, na ncha za matete zikiburutika nyuma yetu njia nzima zikiandika mistari mchangani. Wiki tatu tulikwenda hivyo. Mikono ya mama ilikatikakatika, ikavimba, akawa anageuza samaki wa chumvi kwa vidonda. Jioni alikuwa akilala amekaa, kijiko mkononi, akimlisha Nkambo huku kichwa kikianguka, na Nkambo akimtazama kwa jicho lile zima.

Na kuna siku moja ambayo sikwenda. Nilisema tumbo linauma. Mama alipopotea kwenye njia nilikimbia kuogelea na wenzangu, tukaogelea mpaka vidole vikakunjamana, na jioni nikamwona mama akirudi na mzigo wa watu wawili, shingo imezama mabegani. Alitua mzigo, akanywa maji, akaanza kusonga ubwali. Kesho yake nilibeba matete mengi kuliko niliyoweza, lakini siku iliyopotea ilikuwa imepotea, na nikaanza kuhesabu moyoni ni matonge mangapi Nkambo angekuwa amekula siku ile kama uzio ungekuwa umekamilika.

Ufundi wa kusuka uzio wa matete unataka uvumilivu ambao watu waliochoka hawana, lakini mama alikuwa nao. Unachimba mfereji mwembamba, unasimamisha nguzo, unafunga fito tatu kwa ulalo, moja magotini, moja kifuani, moja juu ya kichwa, kisha unasimamisha matete moja baada ya jingine, shina chini, shina juu, ili manene yabebane na membamba. Unafunga kwa kamba za magome ya mti zilizolowekwa, kwa kuwa zikikauka zinakaza. Mama alifungia nje, mimi nikipokea kamba ndani na kuirudisha kwake. Tulizungumza kupitia matete bila kuonana, na yalipozidi kusongamana nikawa naona vipande tu vya mama: kidole, jicho, ukosi wa blauzi. Halafu hata hivyo vikaisha.

Siku uzio ulipokamilika, mama alimtoa Nkambo barazani, akamwegemeza, akafunga mlango wa matete, na akafanya jambo ambalo sijalisahau. Alikaa chini, akavua kitambaa cha kichwa, akanyoosha miguu yote miwili mbele yake, akafumba macho. Nje watu walipita. Walisema salamu zao kwa ukuta, na mama hakujibu. Kwa mara ya kwanza hakujibu. Mwanga uliingia kwa mistari myembamba kupitia matete, ukamchora mwili mzima, na niliona jinsi mama yangu alivyokuwa bado msichana, jambo ambalo halikuwa limenipitia akilini. Nilifurahi, nikamgeukia Nkambo nikamwambia kwa Kiswahili changu cha mitumbwi: "Nkambo, lupango! Hii hapa! Lupango yako!"

Nkambo alitazama matete upande mmoja, akatazama upande wa pili, taratibu, kama anayesoma. Kisha akalia. Tukasema ni furaha. Alimeza matonge manne siku ile, na mama akayahesabu kwa sauti kama mtu anayehesabu watoto wake.

Lakini kesho yake alimeza mawili, na siku iliyofuata akafunga mdomo tena, akanyoosha ule mkono wa kushoto kuelekea magharibi, akasema: "Lupango."

"Ipo, Nkambo," nikamwambia. "Si hii?"

"Hapana. Lupango."

Tukaelewa kwamba haujatosha. Tungeelewaje vinginevyo? Tulikagua, tukaona kweli upande wa magharibi, unaotazama njia na ziwa, kuna penye mwanya wa kuingiza kidole. Kisha tukaona kwamba mianya inaongezeka. Kila asubuhi palikuwa na tete moja au mawili yaliyong'olewa, yamelala sakafuni, na nilishtaki mbuzi wa Bana Mwape mpaka siku nilipomkuta Nkambo mwenyewe, ameburuta mwili wake mpaka kwenye uzio, anavuta tete kwa mkono wake mmoja na paji la uso amelibandika kwenye pengo. Nilimwita mama. Mama akasema anatuonyesha palipo dhaifu. Tukarudi kijitoni, tukaleta mizigo mingine, tukasuka safu ya pili nyuma ya ile ya kwanza, tukaipandisha kimo mpaka ikagusa paa. Bana Mwape akapita akasema tunajenga ikulu. "Mkimaliza mtuwekee na askari mlangoni," akasema, "tupige saluti." Mama alicheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hata kucheka kunamgharimu. Pale ndani hapakuingia jicho, hapakuingia hata upepo. Tulimtoa Nkambo chumba kimoja cha giza tukamweka chumba cha pili, tukamshikia tonge mbele ya mdomo, tukasubiri ale.

Mvua za kwanza zilimkuta, ila kwa siku chache tu. Alikufa asubuhi, barazani, mama akiwa mchangani na samaki na mimi nikiwa nimekaa karibu naye nikimfukuzia nzi. Neno lake la mwisho sikulisikia vizuri kwa kuwa mvua ilikuwa inapiga paa, lakini nalijua. Tulimzika Kashikishi, karibu na baba. Bana Mwape alilia kuliko wote, kisha akasema alichokuwa amekuja kusema: kwamba uzio ulichelewa; kwamba koo likishajifunga muda mrefu halifunguki tena. Nilimwamini, na nilijua nani aliuchelewesha. Nilikuwa na siku yangu ya kuogelea. Niliificha miaka mingi, nikapamba juu yake hadithi za kuchekesha za Wakongo na makoo yao, nikazisimulia shuleni, kwenye mitumbwi, hata katika shule ya jioni nilikomaliza masomo nikiwa mwanafunzi pekee mwenye mtoto anayesoma mchana katika darasa lile lile. Watu walicheka sana. Nilizisimulia vizuri.

Leo nina nyumba yangu mwenyewe, Nchelenge, jirani na Kashikishi, ya matofali ya kuchoma, na mbele yake baraza ya saruji inayotazama barabara. Mambo yamekuwa rahisi kupita kiasi. Mke wangu amekuwa akitaka pafunikwe, kwa kuwa barabara ya lami imeleta watu wengi kuliko ile njia yetu ya zamani, na wanapita na pikipiki zenye muziki, na hawasalimu. Madukani kuna nyavu za kijani za kivuli zinazouzwa kwa mita, kuna mabati, kuna matofali yenye matundu ya maua. Kazi iliyotugharimu mimi na mama wiki tatu za maji mapajani na vidonda ningeimaliza mchana mmoja kwa misumari na ngazi. Na sijaimaliza. Mwaka wa pili huu nyavu zimekunjwa nyuma ya mlango. Mama anaishi nami, ni mzee sasa, magoti yamekataa, na anataka kukaa barazani wazi, uso kwa barabara, awaone watu. Yeye aliyechoka kutazamwa sasa anachoka asipotazamwa. Anawasalimu wenye pikipiki mmoja mmoja, wengi hawamsikii, na kila jioni anahesabu waliomjibu. Zamani tulikuwa na watu wengi mno na hatukuwa na ukuta. Sasa kuta tunazo kwa mita, na mama yangu anaomba mtu asimame.

Aliyesimama, mwezi uliopita, alikuwa mfanyabiashara wa vitenge kutoka ng'ambo, Mama Ilunga, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuita mtumbwi uliokwisha kuondoka. Mama alimkaribisha chakula kwa mazoea, na mwenzake hakujitia haya. Akaweka furushi chini, akanawa, akakaa katikati kabisa ya baraza, mgongo wima, akala ubwali na samaki mbele ya barabara nzima ya Nchelenge, akisalimu watu huku akimeza. Nilimtazama koo. Nilijikuta nacheka. Nikamwambia kwamba ni ajabu kumwona Mkongo halisi akila bila uzio, na kwa kuwa nilikuwa na msikilizaji mpya nikampa hadithi yote: koo la gunia, blanketi la mpangaji, mnara wa kanisa. Alicheka mpaka akakohoa.

"Uwongo gani huu, papa? Nani alikuambia?"

"Bibi yangu mwenyewe," nikasema. "Alikuwa wa Kilwa. Alikataa kula mpaka tumjengee uzio. Kila siku: lupango, lupango. Tulijenga safu mbili, mama na mimi, na bado akawa anaomba lupango, akionyesha ziwani."

Mama Ilunga aliacha kucheka. Aliweka tonge chini. Alinitazama mimi, kisha akamgeukia mama, ambaye alikuwa ameketi kwenye kiti chake mikono mapajani, ile mikono yenye makovu meupe ya majani ya matete.

"Alikuwa anaomba nini, basi?" mama akauliza.

"Lupango, kwetu, haiko matete, mama," akasema taratibu. "Lupango ni kiwanja, na nyumba yake, pahali mutu anaikala. Ule mama alikuwa analomba mumurudishe kwake."